Kamba Mguuni, Ndege Mpungani

Jumapili, 1 Mei 1994

Makopo yamekwisha kutundikwa. Kamba inatoka kwenye nguzo ya dungu, kibanda changu cha juu, inapita juu ya mpunga, inaishia kwenye mti wa mwisho karibu na mpaka wa Bi Somoe. Nikivuta yote yanalia. Ndege wanaruka, wanazunguka, wanarudi. Navuta tena. Ndiyo kazi ya kuamia ndege, toka alfajiri mpaka jua lizame. Kuvuta na kupiga kelele. Kelele ndiyo hasa. Kopo peke yake ndege hulizoea kwa siku mbili tu, siku ya tatu wanatua juu yake.

Ngazi ya dungu ina vipago tisa. Nimepanda na kushuka mara kumi leo. Naandika haya kwa sababu siku nikiwa siwezi kushuka nitataka kukumbuka kuwa niliweza.

Mpunga umeanza kubeba. Mzuri. Mama angecheka.

Jumatano, 4 Mei

Kaka Saidi amepita na mtumbwi asubuhi. Hakupanda. Alisimama chini akaongea na nguzo. Amerudia yaleyale: mwaka jana ndege walikula nusu ya shamba, mwaka huu wakila tena, mwakani analima Rehema. Rehema ni mke wake mdogo. Anataka shamba hili tangu siku ya arobaini ya mama.

Shamba ni la mama. Aliniachia mie kwa mdomo, na mdomo wa marehemu hauna shahidi. Nyumba ninayolala kijijini ni ya kaka. Sahani ni za kaka. Hili shamba ndilo kitu pekee nikisema "changu" sidanganyi.

Nimehesabu siku. Mbili au tatu zimebaki kabla sijaingia mwezini. Kiuno kimeshaanza kunijulisha.

Ijumaa, 6 Mei

Limekuja. Chango. Toka asubuhi. Nimelala.

Jumamosi, 7 Mei

Asubuhi hapa mto mzima huitana. Anayeamka wa kwanza anapiga ukelele, dungu linalofuata linaitika, na linalofuata, mpaka sauti inapotelea huko Maparoni. Watu husema dungu lisiloitika lina maiti au lina maringo.

Leo nimeita mara moja. Ukipiga kelele tumbo linajikaza, na tumbo likijikaza mie naona giza. Nimenyamaza.

Nimefunga kitanzi kwenye ncha ya kamba nikakitia mguuni. Nalala chali, navuta kwa mguu. Makopo yanalia. Asiyeniona atadhani nimesimama.

Mguu wa kulia. Wa kushoto umekufa ganzi kuanzia pajani.

Jumatatu, 9 Mei

Nimeshuka. Pembe ya mtoni imeliwa. Si kubwa, lakini imeliwa. Walizoea makopo, kama nilivyojua.

Nimekwenda kufua vitambaa vyangu mbali, kwenye kijito cha nyuma, mahali hapana mtu. Kurudi nikamkuta Bi Somoe amesimama mpakani na kombeo lake shingoni. Mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na kitu, watoto wanne, mume mkata mikoko. Sauti kama ya mwadhini.

"Tatu, ndege wako wanashiba kwako, wanakuja kushushia kwangu. Ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwepo.

"Mbona hukuitika siku tatu?"

Nikasema sauti ilinikauka. Akanitazama, akageuka, akaenda zake. Sikupenda alivyonitazama. Mwenye watoto wanne atajua nini? Chango hula uzazi, kila mtu anajua. Lingekuwa kwake asingezaa hata mmoja.

Alhamisi, 12 Mei

Saa sita, jua likiwa kali na ndege wakiwa kivulini, nimepiga kasia mpaka zahanati. Mganga pale ni mzee mpole. Amenisikiliza kidogo. Akasema wanawake wote huumwa, nizae tu, litaisha. Nizae na nani? Sikumuuliza. Vidonge hakuna, ameniandikia nikanunue dukani. Siku hizi kila kitu kipo dukani: sabuni, betri, vitenge vya kila rangi, na dawa pia. Ambayo zamani ulipewa bure mkononi.

Nimenunua vidonge sita. Nitavigawa.

Mwaka jana nilikuwa na kazi. Wanunuzi wa kaa walikuja kutoka Dar na boti zao na masanduku, wakatuchukua wanawake wa kufunga kaa magando. Mie nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, kaa hakuwahi kuniuma. Mwezi wa kwanza nilikosa siku tatu. Mwezi wa pili siku nne. Mwezi wa tatu msimamizi akasema mbele ya wote kwamba hapa si mahali pa wagonjwa wa kupanga. Wagonjwa wa kupanga. Wenzangu wakacheka. Nimelishika neno hilo mpaka leo, na siku nikimwona nitamrudishia.

Kwenye ndoa ilikuwa hivyohivyo. Athumani alinivumilia miaka saba, si haba. Lakini usiku nikimwambia inauma, yeye alisikia kuwa simtaki. Akaita mganga, akaambiwa nina jini ananionea wivu. Basi nikawa mke wa watu wawili, na mmoja sijawahi kumwona. Talaka yangu aliiandika kwa kalamu nyekundu, nyingine hakuwa nayo.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sina wa kumwambia, ndiyo maana namwambia daftari.

Jumatano, 18 Mei

Siumwi. Nimepiga kelele mpaka dungu limetikisika. Nimeitika wote. Leo ningeweza kuamia Rufiji nzima.

Bi Somoe hakuitika.

Alhamisi, 19 Mei

Bi Somoe amenuna. Siku ya pili hii. Makopo yake nayasikia, sauti yake hapana. Ni kwa ajili ya maneno ya mpakani. Haya, anune. Mie nimenuniwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Lakini kutwa ni ndefu pasipo sauti ya upande ule. Sikujua kuwa ninaisikiliza.

Jumapili, 22 Mei

Idi ya mfunguo tatu. Sikwenda kijijini, ndege hawana Idi. Kaka amekuja na Rehema na bakuli la pilau. Pilau nzuri, siwezi kusema uongo.

Rehema amepita kando ya mpunga akishikashika masuke, polepole, moja moja. Akasema, "Dada, udongo wa huku haujachoka." Nikasema mimi ndiye niliyechoka. Nilitaka iwe mzaha. Hakucheka, alimwangalia kaka.

Kaka akasema mpunga unapendeza, Inshallah utafika. Akaongeza, "Mwezi wa sita ndio wenyewe, Tatu. Mpunga ukitia maziwa usilale."

Nimehesabu. Siku zangu zinaangukia palepale kwenye maziwa.

Jumatatu, 30 Mei

Masuke yameinama. Ukibinya punje inatoa maji meupe. Ndege wanaijua siku hii kuliko sisi. Leo wameshuka mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu.

Nimefikiria kwenda kwa Bi Somoe nimwambie. Neno moja tu: nisaidie siku nne. Nimefika mpakani nikasimama. Nikajisikia nitakavyosema. Nikaona atakavyolibeba neno mpaka kisimani, na kisimani mpaka kwa Rehema, na Rehema mpaka kitandani kwa kaka. Nikageuka. Nilijifanya nimekwenda kukaza kamba.

Vidonge viwili vimebaki. Vinne nilivimeza siku ambazo si za mwezi. Hilo nalo siwaambii watu: kwamba haliji kwa mwezi tu. Kwenda haja siku nyingine ni kama kukatwa. Natembea nikiwa nimeinama kidogo, wakiniuliza nasema nimelala vibaya.

Alhamisi, 2 Juni

Limewahi siku moja.

Vidonge vyote viwili. Havikufanya kitu.

Ijumaa, 3 Juni

Kitanzi mguuni. Navuta. Nahesabu mpaka kumi, navuta. Nikifika sita nasahau niko wapi.

Wanakula. Nawasikia wakila.

Jumapili, 5 Juni

Niandike ya jana.

Nililala na kamba mguuni. Si usingizi, ni kule kuzimika. Niliposhtuka jua lilikuwa juu na palikuwa na sauti chini ya dungu. "Tatu. Tatu, umekufa?"

Bi Somoe alikuwa ameshapanda vipago vitano. Kichwa chake kikatokea mlangoni. Nilikuwa nimejikunja, kanga imeloa, nywele wazi. Aibu ilinishika kuliko maumivu. Nikasema nina homa. Homa ya ghafla.

Alikuwa anatazama mguu wangu. Kile kitanzi. Alikitazama muda mrefu, mpaka nikauvuta mguu ndani ya kanga. Akanitazama usoni, akashuka. Hakusema hata pole.

Sasa anajua kila kitu: kwamba silindi, kwamba nalala, kwamba ndege wake wametoka kwangu. Nimeumbuka.

Jumatatu, 6 Juni

Mtumbwi wa Bi Somoe umeondoka asubuhi, unaelekea kijijini. Yeye mwenyewe ndani, amejifunga kanga ya kutokea. Mpunga ukiwa kwenye maziwa hakuna mtu anayeacha shamba kwa upuuzi. Binti yake mkubwa ndiye anayepiga kelele kule.

Amekwenda kwa kaka. Sina shaka.

Nimeshuka, najikaza. Sehemu iliyoliwa ni ukanda mmoja, wa mtoni, kama ule wa mwezi jana na kidogo zaidi. Lililobaki ni zuri. Lingetosha. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba lingetosha.

Jumanne, 7 Juni

Nangoja. Kaka hajaja. Nimepanga maneno ya kumwambia, yote mabaya. Nimewaza nitakwenda wapi. Shangazi wa Mohoro ana nyumba ndogo na mdomo mkubwa. Ikwiriri simjui mtu. Wakati nikiwaza nilikuwa napiga kelele kwa ndege, na nikaona kelele zenyewe zimegeuka kilio. Hakuna aliyejua tofauti. Wa ng'ambo waliitika kama kawaida.

Jumatano, 8 Juni

Kaka amekuja. Mara hii alipanda.

Nilikaa nikingoja. Akatoa kwenye mfuko kipande cha tangawizi na kichupa cha asali, akaviweka chini. Akasema Bi Somoe alifika kwake kushitaki. Kwamba mimi napiga kelele mno toka alfajiri, watu hawapati hata lepe la mchana, sauti yenyewe imeshapasuka kama debe bovu, na ndugu yangu anitafutie dawa ya koo kabla sijawaua kwa makelele. Amemwambia pia kuwa mwaka huu ndege ni wengi kila shamba, hata kwake wamekula ukanda mzima wa mtoni, kwa hiyo akiona kwangu pameliwa asishangae.

Kaka alikuwa anacheka. Akasema, "Wewe na mama sawa tu." Akateremka, akazunguka shamba, akaenda zake.

Nimekaa na tangawizi mkononi sijui nifanye nini nayo. Kwa Bi Somoe upande wa mto haujaliwa. Ninauona kutoka hapa.

Kwa nini? Nimemfanyia nini?

Ijumaa, 10 Juni

Nilitaka kwenda kumshukuru. Sikwenda. Ukishukuru unakiri. Nimeita kwa nguvu asubuhi, akaitika kwa nguvu. Basi.

Jumanne, 14 Juni

Leo alfajiri niliita mimi wa kwanza. Wa ng'ambo akaitika. Bi Somoe kimya.

Makopo yake yanalia. Yanalia kidogo, yananyamaza, yanalia. Sauti hakuna. Nikasema amenuna tena, na safari hii kwa haki, maana sikwenda hata kumpa mkono.

Halafu nikasikiliza vizuri. Mtu akivuta kwa mkono makopo hulia kwa kishindo, yote pamoja. Akivuta kwa mguu yanaanza yale ya karibu, kisha mengine yanafuata kivivu, kwa sababu mguu hauna nguvu ya kushtua. Mie naujua mlio huo. Nimeutengeneza.

Nimefungua daftari nyuma. Tarehe kumi na nane Mei, hakuitika. Kumi na tisa Mei, amenuna. Nimehesabu kwa vidole mpaka leo, mara mbili. Ishirini na saba. Kama zangu.

Nimepanda dungu lake bila kubisha. Binti alikuwa amekwenda shule. Bi Somoe amelala ubavu, goti tumboni, kitanzi mguuni. Kitanzi chake kimezungushiwa kitambaa. Aliniangalia. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Kile chako umekifunga vibaya, kinakata ngozi. Tia kitambaa."

Nikakaa.

Akaniambia kidogo, kati ya pumzi na pumzi. Toka alipovunja ungo. Na yeye aliambiwa akizaa litaisha. Amezaa wanne, halikuondoka na hata mmoja. Mumewe anajua liliisha zamani, maana alishalipa waganga wawili, na yeye Bi Somoe alichoka kumwona mtu anauza jahazi la magogo kwa ajili ya tumbo lake. Akasema limekwisha. Miaka kumi na moja anasema limekwisha. Na mie nilidhani sauti ile ni ya mtu asiyeumwa. Naye, ndivyo alivyosema, alidhani sauti yangu ni ya mtu asiyeumwa, mpaka alipoona mguu.

Nililia. Yeye hakulia, alisema nikilia ndege watashuka.

Kweli walikuwa wanashuka. Nikatoka, nikasimama mpakani, nikapiga kelele za mashamba mawili kutwa nzima. Upande huu, halafu upande ule. Sauti imekauka kwelikweli sasa. Asali ya kaka imepata kazi.

Ijumaa, 17 Juni

Bi Somoe ameamka. Kazi ya kwanza aliyofanya: amekuja mpakani na kipande cha kamba mpya, akaunga ncha ya kamba yangu na ncha ya yake. Sasa ni kamba moja, kutoka dungu lake mpaka dungu langu. Anayeweza kuvuta atavutia wote wawili. Nikamwambia fundo lake ni bovu, nikalifunga upya kama tunavyomfunga kaa. Akasema, "Ala, kumbe una mikono."

Anasema tukimaliza kuvuna twende wote hospitali, ile ya mjini, tupite Kibiti tupande gari. Peke yake angekwenda zamani, lakini mwanamke akisafiri peke yake kwa ajili ya tumbo husemwa. Wawili watasema wamekwenda kununua vitenge. Sijui kama watatusikiliza huko. Lakini siku ile kwa mganga mpole nilisema kidogo nikanyamaza. Bi Somoe hanyamazi.

Jumapili, 26 Juni

Tumeanza kuvuna, kwangu kwanza, kwa sababu siku zangu ziko karibu. Bi Somoe ndiye aliyepanga hivyo. Zamu yake itakuja baadaye, na mie nitakuwa mzima.

Kaka na Rehema wamekuja kutazama. Rehema alishika masuke tena, akayaachia. Kaka amesimama kwenye mabua muda mrefu. Akasema mwakani nianze kulima mapema, mvua za siku hizi hazieleweki. Hivyo tu. Hakusema shamba ni langu. Lakini alisema nianze.

Nilikwenda nyuma ya dungu nikakaa chini.

Alhamisi, 30 Juni

Siku ya pili. Nimelala.

Inauma kama ile ya mwezi jana. Sitaki kuandika kuwa inauma kidogo, haijawa kidogo. Nusu ya mpunga bado imesimama na ndege wapo.

Nimefungua kitanzi. Nimekiondoa kabisa mguuni, nikakining'iniza kwenye msumari. Mguu uko hapa, juu ya mkeka, umetulia.

Makopo yangu yanalia.